Chumba cha gemu cha Kikwajuni na ile diski yake ya hoki: nenda, ila jipange kwenye makipa

Watu wengi wanaingia pale kwa ajili ya mpira tu, na kwa upande wa mpira sina la kuongeza, ni kama vyumba vyengine vyote vya PS hapa mjini, pedi mbili, makelele, na mtu mmoja anaejifanya kocha nyuma ya kiti chako. Mie nataka kuzungumzia kitu ambacho sijakiona kwengine Unguja, nacho ni ile PS5 ya pembeni kabisa karibu na friji ya soda, yenye diski ya hoki ya barafuni, ile ligi ya NHL ya Marekani na Canada, ya msimu wa 2024/25. Mwenye duka ana jamaa yake yuko Toronto, akamtumia mashine na kila kilichokuwemo ndani, na diski ikaja humo humo. Mwanzo ilikuwa haiguswi na mtu. Skuizi kuna foleni, na foleni yenyewe si ya watu wanaotaka kucheza, ni ya watu wanaotaka umeneja, yaani unachukua timu mbovu unaijenga upya, unauza, unabadilishana, unachagua vijana, unaumwa kichwa.

Tuanze na huduma tuimalize. Mpira unalipa elfu moja kwa mechi, hoki elfu mbili kwa saa, na bei hii naiona ya haki maana kwenye umeneja muda mwingi hata hushiki pedi, umekaa unasoma mikataba na kupiga mahesabu. Kiyoyozi kipo na kinapuliza. Viti vya plastiki vitakuvunja kiuno, kwahiyo wahi ulichukue lile kochi. Soda baridi ipo, kahawa hamna, anaetaka kahawa ashuke barazani. Wakati wa magharibi wanafunga kidogo kwa sala, wanafungua tena mpaka saa nne usiku, na umeme ukikatika inveta inashika TV mbili tu, ya hoki imo alhamdulillahi.

Tatizo kubwa la pale ni sevu, yaani gemu lako ulilolihifadhi kwenye mashine. Watu wote walikuwa wanatumia akaunti moja, kwahiyo dogo mmoja katoka skuli anaanza timu yake juu ya timu yako na msimu mzima unakwenda na maji. Nikamfuata mwenyewe, "Ami, timu yangu imefutwa tena." Akanijibu macho yake kwenye simu, "Mwanangu, kwani hiyo timu yako ilikuwa inashinda?" Haikuwa inashinda kweli, lakini ndo ilikuwa makusudi, ntaeleza huko mbele. Dawa yake ni hii: ukifika mwambie kijana wa zamu akufungulie yuza yako kwenye mashine, ni dakika mbili tu, sevu zako zinakaa kwenye jina lako na hakuna atakaezigusa. Hawakwambii mpaka uulize, na hapo ndo nawakata nyota moja, kwa sababu kitu cha dakika mbili kingewaepusha ugomvi mwingi pale ndani.

Haya, hoki yenyewe. Mpira wa magongo sie si wageni nao, ila tunaujua ule wa kwenye nyasi, na wazee watakumbuka Tanzania ilikwenda mpaka Olimpiki ya Moscow 1980 tukapigwa na India 18 kwa bila (kipa wetu usiku ule sijui alilala vipi). Huu wa barafuni ni mwengine. Kila timu watu sita uwanjani kipa akiwemo, vipindi vitatu vya dakika 20, na badala ya mpira kuna paki, kidude cha raba cheusi cha gramu 170 hivi ambacho kinagandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Goli dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22, kipa kavaa magodoro kutoka kidevuni mpaka miguuni, na bado wanamfunga. Timu ziko 32, na msimu ule wa 2024/25 kila moja ilicheza mechi 82 kabla hata ya mtoano. Na kwa usiku mmoja kipa anapigiwa mashuti 25, 30, kuna siku 40. Kipa wetu pale Amaan akipigiwa mashuti sita langoni tunasema kafanya kazi leo. Kwahiyo huku kipa akiwa na mwezi mbaya hakuna beki wa kumsitiri, kila mtu anaona.

Kinachowachanganya watu wa soka ni biashara yenyewe. Hakuna dau. Huwezi kwenda na mfuko wa pesa kama vigogo wa Kariakoo ya Dar wanavyofanya dirisha likifunguliwa. Mchezaji anabadilishwa kwa mchezaji, au kwa haki ya kuchagua kijana kwenye drafti, yaani ile siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, iwe ya mwaka huu, wa kesho, hata wa kesho kutwa. Na juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara, msimu ule ilikuwa dola milioni 88 kwa timu nzima na hairuhusiwi kupita, na kuna sakafu pia, milioni 65, chini ya hapo huruhusiwi kushuka, yaani hata ubahili una mpaka wake. Timu inayouza inaweza kukubali kubaki inalipa sehemu ya mshahara wa mtu aliyeondoka, mpaka nusu, ili mnunuzi apate nafuu kwenye kikomo chake, na kwa kulipa huko inadai kijana zaidi. Ukishalielewa hili la mwisho ushaelewa nusu ya gemu. Timu inayojengwa upya ina nafasi tele kwenye kikomo kwa sababu haina mastaa wa kuwalipa, na ile nafasi tupu ndo bidhaa yake ya kuuza.

Mie nilichukua San Jose Sharks, na ntawashauri na nyie muanze nao, kwa sababu ndo timu iliyokuwa chini kabisa na ndo yenye mtihani mtamu wa makipa. Msimu wa 2023/24 walimaliza wa mwisho ligi nzima, pointi 47. Bahati nasibu ya kupanga nani aanze kuchagua kwenye drafti, ambayo inazipendelea timu mbovu, ikawaangukia wakamchukua Macklin Celebrini chaguo la kwanza, kijana ambae msimu wake wa kwanza wa kweli kafunga 25 na kutoa pasi za mabao 38 ndani ya mechi 70. Meneja wao wa kweli ni Mike Grier, aliyekuwa mchezaji zamani, kapewa kazi Julai 2022 na ndo mtu mweusi wa kwanza kuwa meneja mkuu kwenye historia ya NHL. Ukikaa kwenye kile kiti pale Kikwajuni unakaa kwenye kiti chake, na ukifuatilia alichokifanya yeye kwa kweli halafu ukalinganisha na unachokifanya wewe, hapo ndo elfu mbili yako inaanza kulipa.

Unapofungua tu timu unakuta makipa watatu mezani. Mackenzie Blackwood, mkataba wa milioni 2.35 unaoisha 2025. Vitek Vanecek, milioni 3.4, na wake unaisha 2025. Halafu Yaroslav Askarov, Mrusi, kijana wa 2002, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2020 na Nashville, akaona pale njia imezibwa kwa sababu Juuse Saros kaongezewa miaka minane, akaomba kuondoka, San Jose wakamchukua Agosti 2024. Watatu, na langoni anakaa mmoja. Mshambuliaji ukiwa na wa ziada unamuingiza mstari wa nne, yaani kundi la mwisho la washambuliaji wanaopokezana, anapata dakika zake kumi, kipa wa ziada hana dakika hata moja, anakaa kwenye benchi anafungua na kufunga mlango.

Hapa pale chumbani tunagawanyika. Kuna jamaa ni kipa kweli wa timu ya mtaani, mshabiki wa KMKM, huyo anasema bila kupepesa macho kipa kwanza.

"Yakhe, timu inajengwa kutoka nyuma. Mtoto yupo, kaja kwa gharama, unamuweka nje wa nini? Muingize azoee."

"Azoee kufungwa?"

"Ndo kazi yenyewe. Mie nlianza na miaka kumi na sita, nikapigwa saba, na niko hapa."

Sasa na mimi namheshimu, ila kwa hili nampinga mpaka kesho. Timu ya mwisho haina mabeki. Kijana ukimuweka nyuma ya mabeki wale anapigiwa mashuti 35 kila usiku, nusu yake mtu kabaki peke yake na goli, na baada ya miezi mitatu huwezi tena kujua yeye ni mbovu au timu ndo mbovu, na wewe meneja unahitaji kujua. Halafu kuna ile nyengine ambayo watu wanaona haya kuisema: kipa mzuri kwenye timu mbovu anakuharibia. Timu ya mwisho ina asilimia 25.5 ya kupata chaguo la kwanza kwenye bahati nasibu na haiwezi kushuka chini ya chaguo la tatu. Kipa akikuibia mechi nane tu umepanda kutoka wa mwisho mpaka wa tatu kutoka mwisho, mtoano hujaingia na Celebrini mwengine umemkosa. Umepata nini? Makofi. Ndo maana nikamjibu ami vile moyoni, timu yangu ilikuwa haishindi na nilikuwa nimelala usingizi mzuri kabisa.

Na hata hivyo ukiwa wa mwisho si kwamba umeshapewa. Msimu wa 2024/25 San Jose ya kweli imemaliza tena wa mwisho, pointi 52, bahati nasibu ikawaruka, New York Islanders wakatoka nafasi ya kumi huko wakaja kuchukua chaguo la kwanza, wakamchagua beki Matthew Schaefer, San Jose wakabaki na la pili wakamchukua Michael Misa. Si vibaya, lakini ujue tu.

Njia yangu mie ni hii: Blackwood langoni, Vanecek msaidizi, Askarov mteremshe timu ya chini, yaani timu yao ya akiba, San Jose Barracuda, adake huko mechi nyingi mfululizo badala ya kukaa benchi juu. Jamaa yangu wa KMKM anaita hii uoga. Basi iwe uoga. Kipa anakomaa kwa kudaka, hakomai kwa kutazama, na makipa wanachelewa kuliko wote, mshambuliaji wa miaka 19 anaweza kuwaka siku ya kwanza lakini kipa wa miaka 22 bado unamuita mtoto.

Ndo maana pia siwaelewi wanaotumia chaguo la kwanza kabisa kwa kipa. Kuna vijana wawili pale wanafanya hivyo kila wakianza timu mpya, wanaona namba zake nzuri wanamchukua. Someni mambo ya mwaka 2000. Islanders walikuwa na chaguo la kwanza, wakamchukua kipa Rick DiPietro, na ili kumpa njia wakamuuza Florida kipa kijana waliyekuwa nae tayari, Roberto Luongo, ambae mwisho wa siku kaingia ukumbi wa mashujaa wa hoki. DiPietro 2006 wakampa mkataba wa miaka 15, dola milioni 67.5. Miaka 15 kwa kipa! Majeraha yakaanza, goti, nyonga, na 2013 wakamlipa aondoke. Drafti ile ile ya 2000, chini huko chaguo la 205, New York Rangers, majirani zao, wakamuokota Henrik Lundqvist, akawadakia miaka 15. Na Connor Hellebuyck aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima 2025 alichaguliwa wa 130 mwaka 2012. Yaani kipa unaweza kumpata popote, ila huwezi kumjua mapema, kwahiyo okota wengi huko chini kwa bei rahisi na usubiri.

Sasa kuuza, ambapo ndo utamu ulipo. Soko la makipa ni la ajabu. Timu 32 na kila moja inataka kipa mmoja wa kweli na mmoja wa kusaidia, basi, na wengi wanae tayari. Kwahiyo wewe huuzi kwa kila mtu, unauza kwa yule mmoja au wawili ambao wana timu nzuri, wanataka kombe mwaka huu, na kipa wao anavuja. Kabla hajaanza kuvuja hakutaki. Akishampata mwengine hakutaki tena. Ni kama ngisi pale Darajani, asubuhi unataja bei wewe, saa nane mchana anataja mnunuzi.

Grier alilijua hili. Novemba na Disemba 2024 Colorado Avalanche walikuwa na timu ya ubingwa na makipa wanaoruhusu kila kitu, wakachanganyikiwa mpaka wakabadilisha makipa wote wawili ndani ya siku chache, kwanza wakamleta Scott Wedgewood kutoka Nashville, halafu Disemba 9 wakagonga mlango wa San Jose kwa Blackwood. Kipa wa mshahara mdogo, mkataba unaisha miezi sita mbele, na San Jose kwa kumtoa wakapata kipa Alexandar Georgiev, mshambuliaji Nikolai Kovalenko, chaguo la raundi ya pili la 2025 na la raundi ya tano la 2026. Watu wengi wangesubiri mpaka siku ya mwisho ya kubadilishana, mwezi wa tatu, wakidhani bei itapanda. Yeye kauza mnunuzi akiwa na homa. Colorado nao hawakulia, kabla mwaka haujaisha wakamuongezea Blackwood miaka mitano kwa milioni 5.25 kila mwaka. Biashara safi, wote wameridhika.

Mwangalie na Vanecek sasa. Yeye akabaki mpaka mwezi wa tatu ndo akaenda Florida Panthers, na San Jose walichopata ni mshambuliaji wa timu ya chini tu, Patrick Giles, basi. Vanecek mwenyewe kaondoka timu ya mwisho akaenda kukaa benchi la mabingwa, Florida wakabeba kombe la 2025, kwahiyo kwake imekuwa kheri. Lakini kama meneja hesabu unaiona: makipa wawili wa timu moja, mikataba inaisha siku moja, mmoja kauzwa wakati mtu anamhitaji na mwengine kauzwa wakati hakuna mwenye haraka.

Kwenye gemu nami nafanya hivyo hivyo, kila mwezi napita timu kumi za juu naangalia kipa nani anaruhusu mabao mengi au kaumia, halafu nampeleka mtu wangu kabla mwenye timu hajaanza kutafuta. Hapo gemu linakubali vizuri, nilimpeleka Blackwood kwenye timu moja ya upande wa mashariki wa ligi kipa wao alipoumia nikapata chaguo la raundi ya pili na beki kijana, na jamaa wa KMKM akakaa kimya dakika nzima, jambo ambalo si la kawaida.

Usidharau na biashara ya wachezaji wa ndani maana huko ndo kipa anakotokea. Huyo Askarov mwenyewe ufuatilie mnyororo wake. Machi 2024 San Jose walimtoa Tomas Hertl, nyota wao wa miaka mingi, mashabiki wakaumia kweli, akaenda Vegas, wakapata kijana David Edstrom na chaguo la raundi ya kwanza la 2025. Miezi mitano baadae Edstrom huyo huyo na chaguo lile lile ndo vikaenda Nashville kumlipia Askarov. Kwahiyo kwa ufupi wamemgeuza mshambuliaji wa miaka 30 kuwa kipa wa miaka 22, kupitia mkono wa mtu wa tatu. Nilipoliona hili nikaacha kabisa kudai mchezaji ninaemtaka moja kwa moja, nachukua kinachopatikana kama kina thamani, nitakibadilisha kwengine.

Na kuna ya Jake Walman, hii nikiwahadithia watu pale wanadhani natunga. Juni 2024 Detroit walitaka kupunguza mshahara, wakampa San Jose beki Walman PAMOJA na chaguo la raundi ya pili, na kuchukua hawakuchukua kitu, ni ahadi tu za baadae kama wanavyoandika. Yaani umepewa mtu na juu yake umepewa zawadi ya kumpokea. Machi 2025 San Jose wakamuuza Walman huyo Edmonton kwa chaguo la raundi ya kwanza la 2026. Umelipwa kwa kumpokea na umelipwa kwa kumtoa. Hii ndo ile nafasi tupu kwenye kikomo niliyosema. Kwenye gemu tafuta timu zilizobanwa na kikomo mwanzo wa msimu, utaona zinahangaika, na usiwaonee huruma.

Baadae wakaenda mbali zaidi, Septemba 2025 wakauchukua kutoka Montreal mkataba wa Carey Price, kipa mkubwa wa zamani, unaohesabiwa milioni 10.5 kwenye kikomo, na pamoja nae wakapewa chaguo la raundi ya tano, wao wakatoa beki wa timu ya chini. Price hajadaka tangu 2022, goti limekataa. Kwahiyo alikuwa kipa ambae hakutarajiwa kukaa langoni hata siku moja na bado alikuwa na faida, maana mkataba kama ule unaweza kuisaidia timu changa kuifikia sakafu ya mishahara. Jamaa wa KMKM alivyosikia akasema basi na yeye asajiliwe.

Gemu lenyewe sasa, zuri na baya. Zuri ni kwamba mikataba, drafti, timu ya chini na maskauti vyote vimo, na ukiruka mechi kwa mechi hadi mwisho wa msimu ndani ya saa moja unaweza kumaliza kazi ya miezi. Uchaguzi wa vijana ni mtamu, unapeleka skauti Sweden au Urusi halafu anakuletea habari nusu nusu na inabidi uamue. Upande wa pili, mambo ni mepesi kuliko yalivyo kweli. Kipa kwenye gemu ana namba, na namba inapanda polepole kwa mstari, wakati makipa wa kweli hawaendi hivyo, mwaka huu bora wa ligi, mwakani hadaki hata salamu, mwaka wa tatu karudi. Hiyo hofu ya kutojua kabisa, ambayo ndo inawafanya mameneja wa kweli wakose usingizi, kwenye skrini inakuja nusu tu. Na ukishaijua tabia ya komputa kwenye kubadilishana unaweza kuikamua sana, ukirundika machaguo ya raundi ya tatu matatu manne inafika mahali inakubali kitu ambacho binadamu angekutukana. Mie nimejiwekea sharti, sitoi ofa ambayo ningeona aibu kumwambia mtu usoni. Inanoga zaidi hivyo.

Kingereza cha mle ndani ni kizito, hili nalisema kwa wadogo zetu, sheria za mikataba zimeandikwa kama barua ya mahkama. Kijana wa zamu anasaidia kidogo, yule mwenye kofia nyekundu anajua zaidi kuliko mwenyewe duka, muulize yeye.

Bora zaidi ni kuanzia Jumapili usiku mpaka Jumatano. Alkhamis na Ijumaa kunajaa watu wa mpira na utapiga kelele usisikike. Kukiwa na mechi ya Simba na Yanga usiende kabisa, TV zote zinageuzwa hata hiyo ya hoki, na hela ya saa yako hairudi. Ukiwa mgeni wa hoki lipia saa moja ya kucheza mechi za kawaida kwanza ulijue barafu, ndo uje kwenye umeneja, vyenginevyo utauza watu usiowajua. Watoto chini ya miaka kumi na mbili wanatolewa saa mbili usiku na hili nalipongeza.

Nyota nne kwa tano. Ile moja nitairudisha siku watakayobandika karatasi mlangoni inayosema fungua yuza yako. Na ukikuta kwenye mashine ile San Jose yenye Askarov yuko Barracuda, tafadhali, usimpandishe. Jamaa wa KMKM keshafanya hivyo nilipokwenda kununua soda.